Shada Lililopigwa Pasi

Siku moja kabla ya harusi yake, bibi harusi alitoka kazini akiwa hajiwezi. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, kwa dobi mkubwa anayefulia hoteli na kumbi za sherehe, akinyoosha shuka baada ya shuka mpaka nyayo zikamwaka moto na mgongo ukafa ganzi. Wenzake walimpigia vigelegele alipovua aproni. "Haya, Pasi," mmoja akamtania kwa jina walilompa kazini, "kesho zamu yako kunyooshwa!" Alicheka kwa mdomo tu. Alichotaka ni kufika nyumbani, kukaa chini, na kulifunga shada lake la maua.

Gauni lilikuwa la binamu yake, limepunguzwa kiunoni. Viatu vilikuwa vya rafiki. Hata ukumbi waliupata kwa hisani ya mwajiri wa bwana harusi. Hakuona haya kuazima. Ndugu na marafiki ni wa nini basi? Ila alitamani aingie kwenye ndoa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu angekuja kukidai Jumatatu.

Kwa hiyo alikusanya. Vitambaa vya meza vilipoletwa kutoka kwenye sherehe, yeye ndiye aliyevikung'uta, na mara nyingi waridi zima lilidondoka kutoka kwenye mikunjo, limesahauliwa. Mawaridi hayo aliyafunga kwa uzi akayaning'iniza kichwa chini nyuma ya tangi la maji ya moto, mahali pakavu penye giza, yakakauka bila kupoteza wekundu wake. Nyasi zenye masuke alizikata kando ya reli, na matawi ya mkaratusi aliyaokota njiani. Jana yake alivileta vyote nyumbani ndani ya boksi, akitembea kama mtu aliyebeba mayai, akavisimamisha kwenye ndoo tupu chumbani.

Shangazi yake alikuwa ameshasema yake. "Makombo ya harusi za watu hayo. Jirani ana maua ya plastiki, mazuri, ukiyafuta vumbi yanang'aa."

Alipofungua mlango, alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda akimsubiri, tabasamu limemjaa usoni. Alikuwa fundi bomba, na tangu mkewe afariki alikuwa mtu wa kuhangaika, hajui amfanyie nini binti yake.

"Nimekuokolea maua yako, mama," akasema. "Nimeyakuta yamekauka kabisa, ndoo haina hata tone! Nimeyatia maji asubuhi, na juu nikayanyunyizia."

Bibi harusi akachungulia ndooni. Mawaridi yalikuwa yamevimba na kulegea, kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Masuke yalikuwa yamegandana. Akashika waridi moja, likamkatikia mkononi.

Alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Akakaa sakafuni.

"Baba, yalikuwa makavu makusudi."

"Makusudi?"

"Niliyakausha mwenyewe. Miezi yote hii."

Tabasamu likamtoka baba yake taratibu. "Nilidhani umeyasahau kwa uchovu," akasema. "Kila siku unarudi hapa hoi, hata chakula hukigusi. Nikasema, hili moja nitamsaidia."

Shangazi alikuwa ameshaingia, mfuko wa maua ya plastiki mkononi. "Kaka, wewe kila kitu unakitia maji. Kesho usije ukamtia maji na bwana harusi! Mwanangu, chukua haya ukapumzike."

Ingekuwa rahisi. Maua ya jirani yalikuwa mazuri kweli, na hayakumtaka afanye lolote zaidi ya kuyashika. Akanyoosha mkono. Ndipo akamwona baba yake amechuchumaa kando ya ndoo, anayatoa masuke moja moja, anayafuta kwa pindo la shati lake, kichwa kimeinama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Akaurudisha mkono.

"Shangazi, niwashie pasi."

Alitandaza nyasi na majani kati ya vitambaa viwili, akakandamiza bila kusugua, kama anavyofanya kwenye lesi: ananyanyua, anasubiri, anakandamiza tena. Mvuke ukapanda, harufu ya mkaratusi ikajaa chumbani. Baba alipokea kila kilichotoka na kukipuliza. Shangazi alisimama kando amenuna, kisha akatupa mfuko wake kitandani na kukunja mikono ya gauni lake.

"Kitambaa hiki kimelowa, leteni kingine. Mnafanya kazi kama mmelazimishwa."

Mawaridi hayakuokoka, ila petali chache zilizonyooka kama karatasi. Kilichobaki kilikuwa bapa, kijani kilichopauka na rangi ya udongo.

"Sasa hili ni shada au mkeka?" Shangazi akauliza.

"Ni langu," bibi harusi akajibu, macho yakimfumba.

Akajilaza kwa ubavu palepale sakafuni. Baba akatoa mfukoni tepu nyeupe ya kuzibia mabomba, akayakusanya mashina na kuanza kuyazungushia, anavuta, anabana.

"Usikaze sana, Baba. Yatakatika."

"Nisipokaza litavuja."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Bibi harusi akacheka naye, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, na kabla baba hajaikata tepu, alikuwa ameshalala.