Kiingereza cha Dobrinka

Dobrinka aliamua kujifunza Kiingereza uzeeni, na kijiji kizima kilijua sababu. Sababu yenyewe ilikuwa na masharubu ya kijivu, iliitwa Clifford, ilikuwa imenunua nyumba iliyopakana na yake, na ilimwagilia nyanya ikiwa imevaa kaptula.

Mwalimu wake alikuwa Zlatka, rafiki yake tangu utotoni. Zlatka alifundisha Kirusi shuleni hadi wanafunzi wakakikimbia, ndipo akajifundisha Kiingereza haraka haraka asije akabaki na ubao mtupu. Walisomea jikoni kwa Dobrinka, wakimenya pilipili hoho za kuchoma za kuweka akiba ya majira ya baridi.

"Hii ni *water*," Zlatka alisema, akigonga jagi. "Maji. Na ukienda kumwagilia nyanya, hiyo pia ni *water*."

"Neno lilelile? Halibadilishi hata kitambaa cha kichwani?"

"Lilelile. Likikaa ni jina, likisimama ni kitendo. *Iron* nayo ni chuma, ni pasi, na ni kupiga pasi."

"Maskini Waingereza! Neno moja linatumwa huku na huku kama mke wa mwana aliyeolewa jana."

Wakamenya kidogo. Kisha Dobrinka akauliza, akiitazama pilipili badala ya rafiki yake, "Na *love*?"

"Hilo nalo ni hivyohivyo. Mapenzi, na kupenda. Jina na kitendo."

"Basi sisi wajane tumebakiwa na jina tu."

Zlatka alicheka hadi akajipaka pilipili jichoni. Dobrinka hakucheka sana. Tangu Mincho wake azikwe, alikuwa akiweka mezani kijiko kimoja. Kiangazi hiki alijikuta anaweka viwili, kisha anakirudisha cha pili kabatini kwa aibu, kana kwamba amekiiba. Jioni alizima redio ili asikie jirani akipiga mluzi bandani kwake.

Mazungumzo yao ya uani yalikuwa membamba. Yeye alipaza sauti, "*Water!*" na Clifford, asiyejua kama anakaribishwa glasi au anakumbushwa nyanya, alifanya yote mawili: alikunywa, kisha akamwagilia. Dobrinka alimtazama akiyafanya yote mawili, bila haraka ya kumsahihisha.

Septemba, Clifford alikuja kwenye ua akiwa ameshika kofia mkononi.

"Binti kupiga simu," alisema kwa Kibulgaria chake cha kuungaunga. "Yeye kusema, baba uza nyumba, rudi Uingereza." Akaigeuza kofia. "Dobrinka. Mimi kubaki?"

Maneno yote yalimkimbia Dobrinka, ya kwake na ya kuazima. Kikabaki kichwa. Sasa, kwao Bulgaria, anayekubali hutikisa kichwa huku na huku, na anayekataa hukiinamisha. Zlatka alikuwa amemwonya kwamba Waingereza hufanya kinyume. Basi, ili mgeni wa watu aelewe vizuri, Dobrinka aliinamisha kichwa kwa nguvu, akarudia.

Uso wa Clifford ulinywea. Akasema asante, akaenda zake.

Siku chache baadaye Dobrinka alimwona akikunja kamba ya kuanikia nguo. Akamsimulia Zlatka, na Zlatka akaangusha kisu.

"Uliinamisha? Dobrinka wewe! Mtu ameishi hapa miaka, vichwa vyetu anavijua!"

"Mimi nilimjibu kwa desturi ya kwao!"

"Na yeye akakusoma kwa desturi ya kwetu. Umemfukuza, shoga yangu!"

Nje gari likapiga honi. Dobrinka alitoka mbio na mikono yake ya pilipili. Teksi ilikuwa getini, sanduku uani, na Clifford alikuwa akifunga mlango. Dobrinka alitafuta neno, lolote, la jina au la kitendo, asilione. Kichwa hakukiamini tena. Alikishika wima kama aliyebeba mayai. Akaenda akakaa juu ya sanduku.

"Dobrinka, inuka. Gari kusubiri."

"Na lisubiri."

"Binti kukasirika."

"Mwambie mzigo umezidi kilo."

"Lakini wewe kukataa."

"Nilikubali! Nilikubali kwa Kiingereza, mwanamume wewe!"

Honi ikalia tena. Clifford akateremka kwenda getini.

Dobrinka hakugeuka. Alisikia sauti za wanaume wawili, mlango ukabamizwa, injini ikashuka mteremko kuelekea kanisani. Sanduku lilikuwa bado chini yake, lakini mtu anaweza kurudi kwao bila suruali zake kama ana binti wa kumnunulia nyingine. Akakaza macho kwenye mlango uliofungwa, akiitamani hatua moja tu ya mtu zaidi kuliko alivyowahi kutamani kitu tangu ujana wake.

Changarawe ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena, karibu zaidi.

"Sogea, jirani," sauti ikasema nyuma yake. "Sanduku langu. Mimi kuchoka kusimama."