Taa ya Jikoni

Mume wangu anachora mabango ya saluni na vinyozi, na kazi yake anaijua: bango lake utalisoma hata ukipita mbio. Mama yangu, nesi mstaafu, alipouza nyumba yake ahamie kwetu, alimwomba mkwewe jambo moja tu.

"Nichoree nyumba yangu nilivyokuwa naiona usiku nikitoka zamu. Ya mchana siitaki. Mchana kila mtu ameiona."

Mume wangu akajichimbia uani siku kadhaa. Alipotuita, nilijikaza nisicheke. Anga lilikuwa jeusi tii, nyeusi ile ile ya kwenye kopo la rangi. Mwezi mkubwa kama sinia. Madirisha yote yanawaka manjano, na kila kitu, mpaka ndoo ya bombani, amekizungushia mstari mweupe kisije kikampita mtu.

"Mume wangu," nikamuuliza, "hapa tunanyoa au tunasuka?"

Mama ana adabu na mkwewe. Alitazama, akakohoa. "Imependeza, mwanangu. Ila hii harusi ni ya nani?"

"Harusi, mama?"

"Si taa zote hizi! Marehemu mume wangu alikuwa bahili wa umeme. Anazima zote, anabakisha ya jikoni, ananisubiri hapo hapo. Nikishaiona tu kutoka kule kwenye kona, miguu inaacha kuuma; navua viatu, naingia polepole nisiwaamshe watoto."

Mume wangu akanywea. Nilimwonea huruma, maana mwezi wake alikuwa ameupenda kweli.

Alianza na dirisha la jikoni. Akalitia nyeupe, likapauka kama chokaa. Akaongeza nyeupe, likazidi kufa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu wangu ilibidi nimwambie afinye macho kama mimi nikiwa sina miwani. Akafinya, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaliacha dirisha, akageukia ukuta. Alichanganya bluu na kahawia, akapaka ukuta, akapaka paa, na ndoo yake ikazama humo. Mwezi nao akaufuta, huku akiguna kama anang'olewa jino. Giza likawa bluu huku, zambarau kule chini ya paa, na nyeusi ya kopo haikuonekana popote. Likabaki dirisha moja dogo, amelipaka rangi ya chungwa, na mwanga kidogo kwenye ngazi. Sasa lilikuwa linawaka.

"Hakionekani kitu," alilalamika. "Mteja atasema nimembania rangi."

"Mteja ni mama mkwe wako. Kamwite."

Mama alikuja akifuta mikono. Safari hii hakukohoa. Alisogea karibu na picha, akasimama, kisha akavua viatu taratibu na kuvishika mkononi.

Mume wangu alikuwa roho juu. "Mama, kama kuna kitu nimesahau, nitaongeza."

"Shh," mama alisema, macho kwenye lile dirisha. "Bado hajalala."