Tambara la Beryl

Kule Bonde la Latrobe, penye mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe, mtu haaniki nguo kabla ya kupangusa vumbi la makaa kwenye kamba. Beryl alifanya hivyo mpaka vumbi hilohilo lilipommaliza mapafu, na mumewe, Merv, akarithi tambara lake la kupangusia. Wiki nzima alilipangusia kamba bila kulifua. Alitaka kulipeleka mbele ya wabunge waliotaka kulegeza sheria ya moshi wa mitambo ya umeme, wakubwa ambao moshi wenyewe hauwafikii.

Asubuhi ya kikao alilikuta mezani limekunjwa, jeupe pe.

"Nimekufulia, baba," alisema binti yake, Glenys. "Ungeaibika na lile chafu."

"Uchafu ule ndio ushahidi wangu, mwanangu!"

Glenys alishika mdomo, machozi yakamlenga. Hasira za Merv zikayeyuka. Beryl naye hakuweza kuona kitu kichafu akakiacha.

"Nyamaza, mama. Umefua kama marehemu mwenyewe."

Akamshika mkono, wakatoka uani. Alipangusa kamba mara moja tu, toka nguzo hadi nguzo, akalikunjua tambara. Lilikuwa jeusi.

"Twende," akasema. "Ushahidi wenye mitambo wanatuletea wenyewe, tena bure."