Agosti Niliyomwahidi Mukhisa

"Inatangazwa kwa wananchi wote wanaofika katika mahakama hii kwamba, kuanzia leo na hadi itakapotangazwa vinginevyo, ni marufuku kuegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mashariki, kwa kuwa ukuta huo umepakwa rangi. Atakayekaidi atachukuliwa hatua."

Askari alilisoma tangazo hilo kwa sauti ya hotuba, akalirudia kwa waliochelewa, kisha akafunga mikono nyuma na kusimama kuulinda ukuta. Hapakuwa na baiskeli hata moja. Ilikuwa Februari ya mwaka 1988, nasi tulikuwa kwenye benchi la mahakama ya Kitale, mimi na ndugu yangu Mukhisa, tukingoja kuitwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana, na nilikuwa nimekuja kumshtaki.

"Dada," akasema, "Agosti nitakuwa nimerudi?"

"Utakuwa umerudi."

"Si uape."

"Nitaapa huko ndani. Hapa neno langu linatosha."

Agosti hiyo inahitaji maelezo. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa Agosti, tena si kila Agosti, bali ile ya mwaka unaogawanyika kwa mbili tu. Mwaka wa witiri hupita kimya. Msimu ukifika, mvulana huzunguka kwa jamaa zake akipiga kengele na kuimba, akiwaalika. Kisha alfajiri moja husimama uani kwao, amepakwa tope la mtoni, mbele ya kijiji kizima, bila kupepesa jicho. Waliosimama msimu mmoja huwa ndugu wa rika hadi kaburini. Aliyekosa husubiri miaka miwili, huku watoto waliomtangulia wakimwita *omusinde*, yule ambaye hajakatwa, na hakuna tusi linalouma kulishinda hilo. Mambo hayo nilikuwa nikiyafundisha kidato cha pili, kwa michoro na mishale ubaoni, na kengele ya shule ikilia niliyafuta.

Zamu ya Mukhisa ilikuwa mwaka 1986. Mama yetu alifariki Julai ya mwaka huo, katika hospitali ya Lugulu, na nyumba yenye msiba haipigi kengele. Wenzake wakaenda. Yeye nikamchukua Kitale, nilikopanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mama Bimla, mjane wa Kihindi aliyezaliwa katika mji huo na ambaye alikuwa amezika humo wazazi na mume.

Mukhisa alianza na magazeti, akiyachoma ndani ya karai. Baadaye ikawa pazia, kisha godoro. Nilichelewa mno kugundua kwamba kila moto ulitanguliwa na siku mbaya shuleni, siku ambayo kijana mdogo aliyemfikia kifuani alimwita jina lile. Hakuwa akilia wala kupigana. Alirudi nyumbani, akakaa, akatafuta kibiriti. Januari ya 1988 aliichoma stoo ya Mama Bimla.

Tuliuzima moto kwa mchanga na maji ya kufulia. Mama Bimla alisimama katikati ya marobota yanayofuka moshi, sari yake imelowa hadi magotini.

"Mwalimu, hapana lia. Hii kitambaa ilikuwa ya mwaka jana, hapana mtu nataka."

Nilimwambia kwamba nitakwenda kwa afisa wa watoto.

"Peleka yeye kwa serikali? Serikali iko na mama?"

"Serikali ina wataalamu."

"Haya. Mtaalamu atajua yeye napenda chapati na sukari?"

Polisi walipomjia aandikishe shtaka, aliwapa chai na kukataa.

Afisa wa watoto aliitwa Kipketer, mtu muungwana aliyepiga pasi hata soksi zake. Alinieleza kwamba hospitali ya wilaya haikuwa na daktari wa akili za watoto, na kwamba msaada uliokuwapo ulikuwa katika shule ya serikali ya kurekebisha tabia. Huko kulikuwa na mshauri, kulikuwa na karakana.

"Lakini mlango wake ni mahakama, Mwalimu. Lazima mtu ashtaki. Yule mama wa duka amekataa. Umebaki wewe."

Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa kuhusu vijana wanaochoma vitu, na vyote vilikubaliana kwamba wanahitaji kutunzwa na watu waliosomea kazi hiyo. Sikupata hata kimoja kilichotaja tope la mtoni.

Wiki moja kabla ya kesi, baba alifika kutoka Malakisi, nguo zake zikinuka moshi wa tumbaku. Alikataa kiti.

"Nasambu, nipe mtoto."

"Baba, anawasha moto."

"Si hata sisi tunawasha? Tumbaku inakauka na nini, na maombi? Aje alinde tanuri, achoke. Agosti nitamkata, atatulia."

"Na asipotulia?"

"Basi atakuwa mwanaume ambaye hajatulia. Wako wengi, bana." Akavaa kofia yake. "Wewe umesoma mpaka ukapita kwenu bila kusimama."

Alinipa siku za kufikiria. Tarehe ya kesi hakuijua, nami sikumwambia. Alipotoka, nilimkuta Mukhisa nyuma ya mlango, amekaa sakafuni, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mazishi: alikuwa akisubiri jambo jema.

Hakimu alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. Niliapa, nikaeleza, nikasema kwa lugha ya sheria kwamba mtoto huyu hatawaliki nyumbani. Akapenga kamasi, akaniuliza kama kulikuwa na jamaa mwingine yeyote, anayeweza na aliye tayari kumchukua.

"Hakuna," nikasema.

Mukhisa alinitazama. Aliyasikia maneno ya baba kwa masikio yake, na angeweza kunipinga kwa sentensi moja. Hakunipinga. Nimelifikiria jambo hilo kuliko lolote jingine, na bado nashindwa kuamua kama aliniheshimu au alishangaa tu. Hakimu akaamuru azuiliwe shuleni kwa muda usiozidi miaka mitatu. Nilimgeukia Kipketer, ambaye alikuwa amenitajia miezi michache, naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni lugha tu ya kisheria. Ndugu yangu akapelekwa nje. Ule ukuta wa mashariki aliupitia karibu sana, na bega la shati lake likabaki na rangi.

Nilikwenda kumwona Juni. Mshauri alikuwa mzee mtaratibu ambaye alijua kunyamaza, na Mukhisa alikuwa ameanza kulala usiku kucha. Walimu walimsifu kwa mikono yake. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokisoma. Tulipoachwa peke yetu karakanani, alifungua vifungo vya shati na kunionyesha vipande viwili vya bati nene alivyovikunja na kuvigonga mpaka vikawa kengele. Ndani alikuwa amevijaza kitambaa visisikike.

"Nimeshamaliza, dada. Zimebaki siku."

"Nitaomba ruhusa."

"Si ulisema nitakuwa nimerudi?"

Hakuniuliza mara ya pili. Alifunga vifungo vyake, kimoja baada ya kingine, kama mzee.

Niliomba. Mkuu wa shule alipeleka ombi wilayani, wilaya ikalipeleka Nairobi, na Kipketer akaniahidi kulifuatilia. Julai baba alituma mtu kuniuliza kama aloweke wimbi la pombe ya sherehe au asiloweke. Nikamjibu angoje. Akanitumia mtu yule yule tena, na safari hiyo ujumbe ulikuwa mfupi: wimbi haliwezi kungoja Nairobi.

Agosti ikaja. Kuna watu wengi wa kwetu waliohamia Kitale, na wavulana wao walipita chini ya dirisha langu mchana kutwa, wakiruka, wakipiga chuma kwa chuma, jasho na unga vikiwachirizika kifuani. Kundi moja lilisimama dukani. Mama Bimla alimkatia kila mmoja kipande cha kitambaa chekundu, bure, na kwa Kiswahili chake aliwauliza kama Mukhisa yuko nyuma yao. Wakacheka, wakidhani ni utani. Mmoja akamjibu, "Huyo ameoa serikali, mama!"

Niliwasikia wote. Nilikuwa nikisahihisha mitihani.

Mukhisa sasa ni seremala Bungoma mjini, karibu na barabara ya Mabanga, na ni fundi anayeheshimika. Hajachoma chochote tangu siku zile. Alitahiriwa akiwa na miaka kumi na saba, katika zahanati, siku ya Jumatano, kwa sindano ya ganzi, na mganga aliyekuwa akimsimulia mechi ya mpira. Ana mke na watoto. Mwaka 1996 tulipomzika baba, wanaume waliitwa kubeba jeneza kwa kufuata marika. Niliona rika moja likiinuka, kisha jingine. Mukhisa hakuinuka na lolote. Alichukua nyundo, akaenda kando kukaza mguu wa kiti ambacho hakikuwa na kasoro. Alikigongagonga kwa muda mrefu. Jeneza la baba yake alikuwa amelitengeneza mwenyewe.

Kama ile shule ingemharibu, ningejua la kuombea msamaha. Ilimponya. Nilimwendea pale kwenye kiti, nikasimama, na alichoniambia ni, "Dada, sogea, utaumia."

Ila jibu la Nairobi lilifika, na ni haki nilitaje. Kipketer aliniita ofisini Oktoba ya mwaka ule ule wa 1988, wakati wavulana wa Agosti walikuwa wamepona na kurudi madarasani. Alikuwa na furaha ya kweli. Kwao tohara ni ya Desemba, shule zikifungwa, na hesabu zetu za miaka hazikumhusu.

"Wamekubali, Mwalimu! Mimi nilikuwa nimekata tamaa, lakini wamekubali. Na wamefikiria, unajua, kwa sababu Agosti ya mwaka huu ilikuwa imepita."

Akasimama ili kuusoma uamuzi, kwa heshima yake na kwa heshima yangu. Ilikuwa imeamuliwa kwamba kijana Mukhisa Wekoye, kwa kuzingatia mwenendo wake mwema, apewe ruhusa ya wiki mbili kwenda nyumbani kutahiriwa kwa mujibu wa mila zao, kuanzia tarehe mosi Agosti, mwaka 1989.