Mwangati Ulioshushwa Ardhini

...aliupanda mwenyewe, ndivyo alivyosema huyu binti, mzee aliupanda mwenyewe hapa ardhini, kalisema jambo hilo kwa wepesi kama mtu anayesema leo kuna ukungu, na Mwanahawa akabaki na birika mkononi, chai haijamiminwa, simu ya binti imenyooshwa mbele yake inarekodi, na nyuma ya mabega ya binti mwangati wenyewe umesimama pembeni ya ua, umelipita paa la jiko, mti tu kama miti mingine yote ya Lushoto ambayo hakuna mtu anayefunga safari kutoka Tanga kuja kuitazama. "Chukua muda wako, mama," alisema Rahma, jina lake Rahma, ndivyo alivyojitambulisha baada ya shikamoo, yeye na wenzake wana chama chao cha bonsai huko Tanga, miti inayokuzwa midogo kwenye sahani, na wanataka kufanya maonyesho ya kumkumbuka Ismaili, "tuanzie siku ile mzee alipoutoa kwenye sahani," siku ile, siku ile ilikuwa Jumatano, angeisahauje, Jumatano na njegere zimekomaa shambani zinamsubiri yeye peke yake, ng'ombe ana mimba, na Ismaili yuko Moshi hospitali siku ya kumi na moja, ameanguka na kiharusi kwenye bustani ya ile nyumba ya wageni karibu na Irente, mkasi mkononi, bustani aliyoitunza tangu Shamsa, binti yao, hajaota meno, na ni kwenye bustani hiyo hiyo bibi mmoja wa Kijapani alimwachia kile kitabu cha picha, kitabu ambacho hakujua kusoma hata neno moja ndani yake lakini alikitazama mpaka kurasa zikalegea, akaenda nyuma ya nyumba ya mama yake akang'oa kimwangati kilichojiotea kwenye ufa wa mwamba, kimo cha kidole, akamfinyangisha mama mmoja mfinyanzi sahani ya udongo yenye tundu chini, akakipanda, na miaka ishirini na saba baadaye mti ule ulikuwa bado haujafika kwenye kiwiko cha mtu mzima lakini una shina la kizee, magome yamechanika, matawi yamelala upande mmoja kama yamepigwa na upepo wa miaka mia... "Wajapani wana miti ya miaka mia tatu, mke wangu, baba anamwachia mwana, mwana anamwachia mjukuu," na Wachina nao, aliendelea hata kama hujamuuliza, Wachina wanaokota jiwe mtoni, wanalichongea kigoda chake cha mbao, wanaliweka sebuleni wanalitazama tu, mchana kutwa, na Mwanahawa akamuuliza, "Na hao Wachina chakula wanapikiwa na nani?" na Ismaili akacheka mpaka akashika ubavu, lakini Jumamosi ile ile akarudi kutoka mtoni Soni na jiwe lake kifuani, amelibeba kama mtoto, jiwe jeusi lenye mgongo wa mlima na mstari mweupe unaoshuka katikati, "Unaona maporomoko ya maji?" na yeye akasema naona jiwe, akasema hivyo, naona jiwe, wakati maporomoko aliyaona, aliyaona vizuri sana, kwa nini hakusema, ingempunguzia nini kusema ndiyo, nayaona...

"Mama, au tusimamishe kidogo?" Alitikisa kichwa, akamimina chai kikombe cha kwanza, Jenoveva jirani akapita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akitoa salamu ya Kishambaa, akaitikia bila kusikia sauti yake mwenyewe, Jumatano, siku kumi na moja Shamsa anapiga simu kutoka wodini, "Baba bado hasemi, mama, anafumbua macho tu," na siku kumi na moja yeye anaswali, anakamua, anachuma, anamwagilia ule mti asubuhi na jioni kwa kikopo chenye matundu kama alivyoonyeshwa, maana sahani ile ina udongo wa viganja viwili, ukiusahau siku mbili za jua umekwisha, na Jumatano mchana simu ikalia na Shamsa analia kwa furaha, "Baba anasema, mama, ongea naye," na yeye akakaa chini pale pale kwenye tuta, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akasikia pumzi, akasikia ulimi mzito unatafuta neno, akawaza ataniita jina langu, ataniuliza hali, na Ismaili akasema, "Maji." "Shamsa, mpe baba yako maji, ana kiu!" Na ile sauti ya kuburura, kwa shida, kama mtu anayevuta gogo, ikasema, "Si mimi. Mti." Neno lake la kwanza, miaka thelathini na sita ya ndoa, kafufuka kutoka huko alikokuwa, na wa kwanza kumuulizia ni mti. Alikata simu. Mwambie huyu binti hilo, mwambie ulimkatia simu mgonjwa, kisha ukachukua jembe, ukachimba pembeni ya ua, ukakata waya za shaba zilizokunja matawi yake, moja moja, kwa koleo ya baiskeli, ukaugonga mti kutoka kwenye sahani na sahani ikapasuka, hukujali, ukaufukia kwenye samadi, ukasema kwa sauti kuku wakisikia, haya, nenda kakue kama wenzako. Halafu kwa Jenoveva akasema nimeuonea huruma, ulikuwa umefungwa waya kama mwizi. Huruma, aliisema mara nyingi mpaka akaizoea.

Na Ismaili aliporudi baada ya wiki saba, mguu unaburuta, mkono wa kulia umelala tumboni kama kitu cha kuazima, Shamsa anamshika kwapani, alisimama getini akauona kabla hajamwona mtu yeyote, ulikuwa umeshaanza kutoa vichipukizi virefu vya kijani kila upande, umbo lote limepotea, "Umeushusha," alisema, na yeye akajibu haraka, maana alikuwa amejiandaa, "Nimeushusha, mimi ni mtu mmoja, ng'ombe, njegere, na sahani inataka maji mara mbili, ningefanyaje?" na Ismaili akautazama, akautazama, akasema, "Umechimba shimo zuri." Basi. Miaka minne hakurudia. Alitolewa kiti kila asubuhi akakaa karibu nao na lile jiwe lake la Soni miguuni, na Mwanahawa akapita na ndoo, akapita na ufagio, akimsubiri agombe, gomba basi, mzee, nitukane nikujibu tumalize, hakugomba, na yeye akauita ule ukimya adhabu, akaijibu adhabu kwa adhabu, akampa uji bila neno, akamfunga vifungo vya shati bila kumtazama usoni, akamnyoa ndevu kama anayenyoa ukuta, mpaka masika haya yaliyopita, mpaka wakamzika... na ile siku ya kwanza, siku hiyo hiyo aliyorudi, alimwona amejiinamia kwenye kiti mchana kutwa na simu juu ya paja, dole gumba la kushoto linatafuta herufi moja, linapumzika, linatafuta nyingine, na yeye jikoni akajisemea, haya, ananishitaki, anawaambia Wabrazili wake na Wahindi wake na Wavietinamu wake, lile kundi lao la simu lililojaa picha za miti na mawe kutoka dunia nzima, sasa dunia nzima inajua kuna mwanamke Lushoto ameua mti wa mumewe. Miaka minne aliishi na aibu hiyo. Na Rahma alipopiga simu juzi kuomba kuja, alifanya mazoezi ya kujitetea, ng'ombe, njegere, maji mara mbili, aliyapanga yote, na binti amefika, amekaa, kabla hata ya chai amefungua simu amemsomea kwa furaha ujumbe ambao mzee aliuandika kwenye kundi, wanautunza, wanataka kuuchapa mkubwa ukutani: Leo nimeupanda mwangati wangu ardhini kwa mikono yangu. Tumechoka wote wawili. Umependeza. Msinipe pole.

Kwa mikono yangu. Mkono upi, Ismaili. Herufi moja baada ya nyingine, mchana kutwa, na dole la kushoto, na yeye mlangoni mwa jiko anamtazama kwa jicho la chuki... alikuwa anamfichia. Kabla hajavua viatu vya safari alikwishaanza kumfichia, na pengine kule kukaa chini ya mti asubuhi zote hakukuwa adhabu, pengine alikuwa anautazama tu, kama wale Wachina wanavyotazama, na kile kiti kilikuwa na nafasi pembeni yake, kulikuwa na kigoda kingine jikoni, hatua kumi, miaka minne asubuhi zote angeweza kutoka nacho akakaa, akasema nisamehe, au asiseme, akakaa tu, hakukaa hata mara moja. Na sasa mbele yake kuna njia nyepesi, mumewe ameifyeka mwenyewe ili yeye apite, aseme ndiyo, aliupanda yeye, na maneno yale yatundikwe ukutani Tanga watu wayasome wamsifu, hakuna atakayejua, Jenoveva aliambiwa ni huruma, Shamsa aliambiwa ni njegere na maji, nani amebaki wa kusema. Akikataa, anamfanya marehemu mwongo mbele ya rafiki zake. Akikubali, zawadi hii anaila peke yake kama mwizi, na Ismaili anabaki mtu aliyechoka na mti wake, na hakuchoka, mtu yule alitafuta neno moja kwenye giza la kichwa chake siku kumi na moja na neno lenyewe likawa maji.

"Mama?" alisema Rahma taratibu. Kitone chekundu bado kinawaka, chai bado inafuka, sekunde kwenye kioo cha simu hata dakika nne hazijatimia. Mwanahawa aliweka birika chini.

"Mume wangu alikuwa hawezi hata kushika kijiko, mwanangu," alisema. "Mti huo nimeupanda mimi. Kwa hasira. Rekodi hivyo."