Simu Zilizotoka Bombani

Mhandisi alikuwa anasuuza kikombe katika jiko dogo la ofisi pale bomba liliposema, "Haloo? Haloo? Mbona hamsikii jamani?" Akalifunga, akalifungua tena. Sasa alikuwa bwana mwingine, anamgombeza fundi cherehani kuhusu suruali.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu kampuni ya simu iwaachishe kazi mafundi wake wakongwe, kina Mzee Waya, eti inataka damu changa. Haya, damu changa ikaja. Simu ziliendelea kupigwa, ila nyingi, badala ya kufika ziendako, zikawa zinamwagika mabombani. Mkurugenzi akawatangazia wafanyakazi kwamba hakuna simu hata moja iliyopotea, kwani zote zilikuwa zinatokea mahali fulani. Watu wakapiga makofi.

Mhandisi hakupiga. Mdogo wake alikuwa na mimba pevu, yuko peke yake nyumbani, na walikubaliana: uchungu ukianza tu, nipigie. Basi roho yake ilikuwa juujuu, na hathubutu kwenda mbali na sinki.

Akampigia Mzee Waya. Nyuma yake bomba likasema kwa sauti ya mhandisi mwenyewe, "Shikamoo mzee. Tafadhali rudi, tumeshindwa." Akakata simu, na bomba nalo likanyamaza.

"Bado unachezea maji?" mkurugenzi aliuliza mlangoni.

"Bosi, waite wale wazee, nakuomba. Mdogo wangu atanifia."

"Wazee wameshakwenda zao. Kesho nitaleta fundi bomba."

Hapo hapo maji yakaanza kuhema. "Dada, njoo. Chupa imepasuka. Dada, mbona hunijibu?"

"Nakuja!" mhandisi akaliambia bomba, ingawa alijua fika kwamba halirudishi neno. Akatoka mbio, viatu mkononi. Mkurugenzi akalifunga lile bomba, maana maji yalikuwa yanapotea bure.

Mhandisi alimkuta mdogo wake sakafuni, simu ingali sikioni. Wakawahi hospitali kwa kudra tu. Mtoto akazaliwa mzima, wa kike, ana makelele si mchezo.

"Kumbe ulinisikia?" mdogo mtu akauliza.

"Nilikuwa karibu na bomba," akajibu, akalia waziwazi mbele ya mkunga.

Mkunga akaenda kunawa. Bombani kulikuwa na mzee anaomba gari la wagonjwa, anataja mtaa wake, anarudia, anasema mkewe hapumui vizuri. Mkunga akasubiri kwa adabu mpaka amalize, akasuuza sabuni, akafunga.