Pua Tatu za Halmashauri

Kabla hujanihukumu, ungekuja kusimama mlangoni kwangu mchana wa siku zile, upepo wa ziwani ukishageuka. Kama ungeweza kumaliza sahani ya ugali bila kumtukana mtu, nauli yako ya kurudi kwenu ningelipa mimi.

Naitwa Odeta. Nauza chakula Nyakato, nyuma ya viwanda, kwenye chumba cha kupanga chenye mabenchi ya mbao na jiko la mkaa nje barazani. Marehemu mume wangu aliniachia watoto na masufuria, basi. Watoto wamelelewa na masufuria hayo mpaka wamekua. Halafu ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kiwanda cha kuchemsha mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishaenda Ulaya. Wanayachemsha, wanayasaga, yanakuwa chakula cha kuku. Sina ugomvi na kuku. Lakini wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na pale wanaingia kwa malori.

Wateja wakaanza kupungua. Mafundi wa gereji, watu wangu wa miaka yote, wakawa wanapitiliza, mkono mmoja unanipungia na mwingine umeshika pua. Fundi mmoja aliniambia kwa adabu kabisa, "Mama, chakula chako si kibaya, ila siku hizi nikikitazama tu nasikia kichefuchefu." Nikajua hali ikiendelea hivi nafunga. Na nikifunga, sijui kazi nyingine duniani.

Nikaenda kulalamika, mimi na jirani yangu Pravin, mwenye duka la vipuri. Pravin na mkewe Manjula hawajala nyama wala samaki tangu wazaliwe, kwa hiyo kuvuta ile hewa kwao ni kulishwa sangara kwa nguvu, tena kupitia puani.

Afisa mazingira wa halmashauri anaitwa Alexander, kijana nadhifu, shati limechomekwa mpaka unamwonea huruma akitaka kupumua. Alitusikiliza, kisha akasema, "Malalamiko bila ushahidi ni majungu. Leteni ushahidi."

"Wa harufu?" nikauliza.

"Wa harufu."

Nilitaka kumjibu maneno ambayo mtu mzima hasemi ofisini. Pravin yeye alilichukua jambo hilo kwa uzito. Kesho yake alisimama mbele ya geti la kiwanda na chupa ya kioo, akakinga upepo ndani yake, akaifunga kifuniko kwa nguvu zake zote, akaipeleka. Alexander akaifungua, akanusa, akafumba macho.

"Hii ni achari ya embe," akasema.

Ilikuwa chupa ya jikoni kwa Manjula. Iliyooshwa, ndiyo, lakini achari ya Manjula haijawahi kushindwa na sabuni.

Ndipo tukaelezwa utaratibu. Harufu hupimwa na pua tatu za halmashauri: ya afisa mazingira, ya bwana afya, na ya karani wao. Wanakuja mahali penyewe, wanasimama, wananusa, wanatoa alama kuanzia sifuri hadi tano. Zikifika alama tatu, mwenye harufu yake anabanwa. Tukapangiwa Alhamisi, mchana.

Sasa sikia ujinga wetu. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Shigela, alipita nyumba kwa nyumba akisalimia kwa Kisukuma na kutangaza, "Mwangaluka! Alhamisi tuna wageni kutoka halmashauri. Msituaibishe jamani!" Hilo neno wageni ndilo lililotumaliza. Kwetu mgeni hakanyagi uchafu, na haondoki na njaa. Alhamisi asubuhi mtaa ulifagiliwa mpaka kuku wakakosa pa kuchakura. Maji yenye dawa yakamwagwa mitaroni. Majirani wa upande wa msikitini wakachoma udi. Manjula akawasha ubani wa vijiti kwenye kila dirisha, akakaanga bhajia. Na mimi? Mimi nilipika pilau. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, nikatia karafuu, mdalasini, iliki na bizari, huku najiambia moyoni kwamba leo watu wa ofisini watajua Nyakato kuna mpishi.

Wakafika. Walisimama barazani kwangu wote watatu, pua juu. Ng'ambo kiwanda kilikuwa kinachemsha kama kawaida yake, hakuna aliyezima kitu. Alexander akavuta pumzi ndefu.

"Karafuu," akasema.

"Na mdalasini," akaongeza bwana afya.

Karani alikuwa ameshakaa kwenye benchi.

Walikula, wakarudia. Hata Malimi, meneja wa kiwanda, alivuka barabara kuja kusalimia, naye akapewa sahani, maana ningemnyimaje mtu aliyekuta wenzake wanakula? Waliondoka wakishukuru sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao wahenga hawakuwahi kupokea pua tatu.

Wiki iliyofuata mzee Shigela alikuja na karatasi, akaisoma kwa sauti akiwa amesimama mbali kidogo na mwiko wangu. Harufu ya samaki: sifuri. Harufu pekee iliyothibitishwa mtaani ni ya vitunguu na viungo, alama nne, chanzo chake jiko la Odeta. Odeta ajenge bomba la moshi la kutokeza juu ya paa kabla mwezi haujaisha, ama jiko lifungwe.

Bomba la kutoboa paa, kwenye chumba cha kupanga! Nilicheka kwanza. Kisha niliingia ndani nikalia, nikaanza kukata vitunguu ili mtu akija asiniulize. Nilijichukia. Kiwanda hakikuninyooshea hata kidole, nilijimaliza mwenyewe kwa pilau yangu.

Nilipotoka macho yamekauka, mzee Shigela alikuwa bado yupo. "Watarudi kukagua?" nikamuuliza.

"Watarudi kuliona hilo bomba."

"Saa ngapi?"

"Mchana tena. Wamesisitiza sana mchana."

Jioni ile nikaita majirani. Nikawaambia kwamba siku hiyo hakuna kufagia, hakuna dawa, hakuna udi, na hakuna sufuria motoni.

"Hata chai, dada Odeta?" Manjula akauliza.

"Hata chai."

"Watasema nini juu yetu?"

"Waache waseme. Wakisema watafungua midomo, na harufu itapata pa kuingilia."

Mzee Shigela akatikisa kichwa. "Mgeni hata maji asipewe? Mayo, mama yangu, harufu itakwisha. Hiyo aibu haitakwisha."

Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Siku yenyewe walikuja na njaa waziwazi, nadhani hata chai ya saa nne waliiruka makusudi. Karani alienda benchi moja kwa moja. Alexander akachungulia jikoni, akakuta majivu ya baridi.

"Vipi mama, leo hupiki?"

"Mliandika jiko langu linanuka, mwanangu. Nimetii."

"Ah. Basi ngoja tupumzike kidogo," akasema, nikajua anaamini kuna sufuria nimeificha ndani.

Wakapumzika. Nilikaa mbele yao mikono mapajani, na nakuambia kweli, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Vidole vilikuwa vinawasha. Kila karani alipomeza mate, Manjula aliyekaa ubavuni kwangu alitaka kuinuka, nami nikawa nimelishika pindo la sari yake.

Upepo ukageuka.

Ulikuja mzito, wenye mafuta, ukatukaa usoni kama kitambaa cha jikoni kisichofuliwa. Karani alitoka mbio akainamia mtaro, ule ule ambao safari hii hatukuutia dawa. Bwana afya akajifunika uso kwa kofia. Alexander alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mungu wangu! Hii ni nini?"

"Ndiyo hiyo!" Pravin akaruka kwa furaha, kama mzazi aliyesikia mtoto wake amefaulu. "Ndiyo niliyokuletea kwenye chupa!"

Hapo hapo Malimi akavuka barabara, kijiti cha kuchokolea meno tayari mkononi, maana alikuwa amesikia wageni wamekuja. Alexander akainusa suruali ya Malimi kwa mbali, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Mama, naomba maji," akaniambia kwa sauti ndogo. "Maji tu."

Manjula akainuka. Nikaivuta sari.

"Andika kwanza," nikasema.

Akaandika. Yeye tano, bwana afya tano, na karani akaonyesha vidole vyake vyote vitano kutoka mtaroni bila kuinua kichwa. Ndipo nikaachia sari, na Manjula akakimbilia maji. Lakini wageni walikuwa wameshaanza kuondoka, wameshikana mabega, wala hawakugeuka.

Kiwanda kilisimamishwa mpaka kijenge bomba refu na mtambo wa kusafisha mvuke. Lile bomba langu likahamia kwao. Mafundi wa gereji wamerudi, na yule wa kichefuchefu siku hizi anagombania ukoko. Nilifurahi mno, nikampigia mama yangu kijijini Misungwi. Baada ya shikamoo nilimsimulia yote, kuanzia chupa ya achari mpaka karani mtaroni, kisha nikangoja anisifu.

Habari ya kiwanda hakuiuliza kabisa.

"Na hao wageni," akasema, "walikula nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.